Dang'a ya Madam

Mwanzia hajui kukataa. Watu wa ploti yetu hapa Kawangware humwita mtu mwema, na mimi huwaambia wema ni kitu kingine kabisa. Mtu mwema akikubali jambo hulifanya. Mwanzia hukubali kwanza, halafu huenda kujificha. Yuko katika kwaya mbili kwa sababu zote mbili zilimwomba. Jumamosi anaabudu na wale, Jumapili na hawa, na kila upande unaamini kwamba umemwokoa kutoka kwa mwingine. Choo cha ploti kilipozua ugomvi, alikubali kuongoza kamati ya kukihamisha, na wiki hiyohiyo akakubali kuongoza kamati ya kukiacha. Choo bado kipo.

Kazi yake ni ng'ombe mmoja, na hata huyo alimpata kwa kukubali. Alitoka Kitui kutafuta kazi ya ulinzi, mtu akamwomba amtazamie ng'ombe kwa wiki moja tu. Wiki ikawa miaka, mwisho akauziwa. Ng'ombe anaitwa Madam, na anakaa katika zizi la mabati nyuma ya ploti, mkabala na mlango wangu, kwa hivyo mambo yao mengi ninayajua bila kuuliza. Asubuhi Mwanzia huokota majani ya kabeji katika soko liitwalo 56, akirudi anakamua, na mkewe Kathini anapeleka maziwa kwenye vibanda vya chai.

Mwaka jana Madam alizaa ndama, na ndama huyo alikufa kwa sababu ya tabia hiyohiyo ya Mwanzia. Ng'ombe akizaa hutoa kwanza maziwa mazito ya manjano, ambayo mamangu aliyaita dang'a, na hayo ndiyo yanayompa ndama kinga ya mwili. Mwanzia aliyagawa. Jirani mmoja aliomba ya vidonda vya tumbo, mwingine ya mbwa wake. Ndama akaharisha, akalala, asiamke tena. Nilimwona Mwanzia nyuma ya zizi akilia na kujifuta uso kwa gunia, na siku hiyo sikuwa na hamu ya kumcheka. Kathini alimwambia mbele yetu sote kwamba akipoteza mwingine, Madam atapanda lori la wachinjaji, na yeye Kathini atapanda basi la Kitui.

Madam akashika mimba tena. Mambo yangekuwa shwari kama si Nereah.

Nereah anauza omena, wale dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo kule Kibera, na kila wiki hutuletea. Safari hii alikuja bila omena. Alikuwa ametoka semina katika hoteli moja mjini, amevaa koti, amebeba makopo ya unga. Alisema unga ule unasaidia magoti, damu, usingizi, nguvu za wanaume na hasira za wanawake. Alipofika hapo kwenye hasira alinitazama mimi, nikajua hatutaelewana. Alipotaja bei, tuliinamisha vichwa kama watu walio matangani. Ndipo Oketch, fundi wa viatu ambaye pia ni kipa wa timu ya wazee, akauliza kuna nini ndani. Nereah akageuza kopo, akasoma kwa fahari: maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, yaliyokaushwa.

Ploti nzima iligeuza shingo kutazama zizi. Madam alikuwa anacheua, tumbo limejaa mlango. Nereah hakuuza hata kopo moja.

Kesho yake chupa zilianza kufika kwa Mwanzia. Oketch alileta yake ili apate nguvu za kuruka. Mwalimu wa kwaya ya Jumamosi alileta chupa kwa ajili ya sauti, na yule wa Jumapili aliposikia, akaleta kubwa zaidi. Yangu ilikuwa ndogo tu. Mwisho akaja landilodi, Mzee Shivachi, na jerikeni ya mafuta ya kupikia. Shivachi anaishi Sarang'ombe, upande wa Kibera, na kwa kawaida huja kwa boda mwisho wa mwezi, akiegemea fimbo, akilalamikia magoti yake mpaka wapangaji wasahau kulalamikia paa. Zizi limesimama kwenye uwanja wake kwa hisani tu. Mwanzia aliwaambia wote sawa, akapanga chupa ukutani, na jerikeni akaiweka mwanzo wa mstari.

Kathini aliamua kumfundisha kukataa. Vyumba vyetu ni vya mabati, kwa hivyo somo lile tulisoma sote.

"Mwanzia," Kathini alisema akiiga sauti nzito ya Shivachi, "hiyo kitu yangu itakuwa ready?"

"Itakuwa, mzee."

"Sema hapana."

"Hapana, mzee."

"Kwani unanikataa mimi?"

"Ai, siwezi, mzee."

Tukasikia mwiko umeanguka sakafuni. Baadaye Kathini alikuja kwangu, akakaa kwenye kitanda changu akihesabu nauli, na nikaona kwamba basi la Kitui halikuwa mzaha.

Madam alizaa Jumapili asubuhi, watu wakiwa wanapiga pasi nguo za kanisa. Alikuwa ndama jike, mweusi, na doa jeupe kwenye paji la uso. Ndama bado anajaribu kusimama, mlango wa zizi ulikuwa umeshajaa watu, kila mmoja ameshaichukua chupa yake kutoka ukutani. Mwanzia alikamua. Tuliyaona maziwa kwenye kindoo, manjano kama yalivyosemwa, na Oketch akameza mate.

Shivachi naye akawasili. Sijui nani alimpigia simu, lakini alikuwa amevaa suti. Akapita mbele ya wote.

"Mwanzia," alisema, "hapa ng'ombe anakaa ni kwangu. Jaza yangu kwanza."

Kathini alimtazama mumewe. Nilitamani kusema neno, lakini nami nilikuwa nimeshika chupa.

"Sawa, mzee," Mwanzia alisema.

Akachukua kindoo, akaingia nacho ndani ya zizi, akavuta mlango, na tukasikia komeo likiingia mahali pake.

Tulingoja. Shivachi akagonga mabati kwa fimbo. Kutoka ndani sauti ikajibu kwa upole kwamba sawa, inakuja. Oketch naye akauliza. Sawa, Oketch, inakuja. Walimu wa kwaya wakauliza kwa pamoja, mara ya kwanza kabisa kupatana, nao wakajibiwa vizuri. Na katikati ya majibu hayo yote, sisi wa karibu tulisikia ndama ananyonya chupa ya chuchu ambayo Mwanzia alikuwa ameificha humo, anapumzika, anapumua kwa nguvu, ananyonya tena. Kathini alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Mabega yake yalikuwa yanaruka, na alikuwa analia na kucheka.

Komeo lilipofunguka, kindoo kilikuwa kitupu. Mwanzia alikuwa na jasho shingoni. Nyuma yake ndama alikuwa amesimama kwa miguu yake yote minne, povu la manjano puani.

"Yangu iko wapi?" Shivachi aliuliza.

Mwanzia alimwonyesha ndama kwa kidole. "Imesimama hapo, mzee."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunangoja kusikia zizi likivunjwa. Shivachi aliinama kumtazama ndama kwa karibu, na ndama akadaka tai ya suti, akaanza kuinyonya. Mzee hakuivuta. Akasema kwamba basi ndama asiguswe na mtu, na kwamba atakuwa anakuja kila asubuhi kuangalia maziwa yake.

Tukadhani ni maneno tu. Lakini alikuja kila asubuhi. Boda ya kila siku ni gharama ambayo mtu anayetuamuru kuzima taa ya choo saa mbili usiku hawezi kuivumilia, kwa hivyo alikuwa anatembea kutoka Sarang'ombe mpaka Kawangware, na kurudi. Ndama akanenepa. Siku moja mzee akasahau fimbo kwangu, na hakuirudia. Sasa anamwambia kila anayekutana naye kwamba dang'a ni dawa ya magoti, tena huhitaji hata kuinywa, mradi iwe yako. Nilimwambia ni kutembea. Akanijibu kwamba mimi si daktari. Nereah anataka kumpeleka semina akatoe ushuhuda.

Juzi Shivachi alikuwa zizini, anamkuna ndama shingo. Akasema huyu naye akikua akazaa, dang'a ya kwanza itakuwa yake yeye Shivachi, jerikeni nzima.

"Sawa, mzee," Mwanzia alisema.

Kathini akaweka chini ndoo ya maji, akaenda kuangalia kama lile komeo bado linashika.