Bihogo Aliyeandikwa Brauni

BUGOMORA, 1953. Saa kumi na mbili asubuhi, umande bado mbichi, Kashaija amechuchumaa akikamua. "Bihogo, tulia mama," anambembeleza ng'ombe, naye anatulia. Maziwa yakijaa, chombo kinakwenda kwa Rwezaura, tajiri anayemlipa shilingi kumi na tano kwa mwezi.

Uchungu ni kwamba ng'ombe huyo ni wa Kashaija mwenyewe.

Alimpata akiwa ndama, ujira wa miaka minne ya kuchunga. Mwaka jana ugonjwa ulipoingia, ng'ombe wa kijiji walifungiwa zizi moja la karantini. Karani Protase, kijana kutoka Bukoba, akaandika kitabuni kwa Kiingereza: mwenye mali, idadi, rangi. Kati ya ng'ombe arobaini na mmoja, ishirini na tisa wakawa "brauni".

"Ishirini na tisa!" Kashaija anatema mate pembeni. "Kwetu ng'ombe huitwa kwa rangi yake: bihogo ni mwekundu aliyekolea. Gaaju ana rangi ya nyasi kavu. Siina anakaribia weusi. Hapa hata mtoto wa miaka mitano hawachanganyi."

Zizi lilipofunguliwa, Rwezaura aliwahi. Akamswaga Bihogo, akaacha gaaju wake mkongwe aliyekauka maziwa. Kashaija akapiga kelele. Karani akafungua kitabu: Rwezaura, brauni mmoja, Kashaija, brauni mmoja. Shauri likaishia hapo. Majirani walijua ukweli wote, wakaswaga ng'ombe wao wakaenda zao. Mnyonge hana haki, na siku ile hata mashahidi hakuwa nao.

Protase hajitetei sana. "Mzee, neno lenyewe ni pana," anasema. "Mkate uliookwa ni brauni, udongo ni brauni, ngozi iliyoungua jua ni brauni. Mwalimu wa misheni alitwambia ni neno la kale mno. Hata dubu, mnyama mkali wa kwao Wazungu, alipewa jina kwa rangi hiyo, maana waliogopa kumtaja kwa jina lake halisi."

"Basi wakaandike dubu wao," Kashaija anamjibu. "Ng'ombe wetu mtuulize sisi."

Nyumbani, mkewe Kokugonza anampa kitindamimba uji mkavu, usio na maziwa. "Baba yake anarudi ananukia maziwa," anasema, "na mtoto anamlamba vidole." Anageuka kukoroga chungu ambacho hakihitaji kukorogwa.

Mwezi ujao kitabu kipya kitaandikwa. Kashaija ataamka mapema ampeleke yule gaaju, ndiye pekee aliyebaki.

"Nitamwambia karani aandike gaaju. Akisema Kiingereza hakina neno hilo, nitakaa mlangoni mpaka kiwe nalo. Huyu mkongwe hakuna atakayemtaka, najua. Lakini ataandikwa alivyo."