Shosho wa Mwanambuzi

Kitabu nilikinunua Spine Road, Kayole, kwa muuza vitabu vikuukuu anayevitandaza chini juu ya gunia. Kilikuwa cha mwanambuzi aliyetoroka nyumbani akapotelea mjini. Sikukikagua. Jioni ile nikampakata mjukuu wangu, nikasoma hadi pale mwanambuzi anaingia barabarani peke yake. Kufungua ukurasa, hakuna kitu. Kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofolewa, labda zilifungia mtu mandazi.

Mtoto akaniangalia. Alikuwa ameliona soko la mbuzi la Kiamaiko, na alijua wanaofika pale huishia wapi.

"Shosho, kwani wamemchinja?"

Machozi yalikuwa tayari.

"Nani amchinje? Shosho yake alikuwa amesimama barabarani anamngoja. Akamshika sikio, akamrudisha nyumbani."

Basi huo ndio ukawa mwisho. Kila jioni tukifika hapo nilikodolea macho jalada la nyuma nikijifanya nasoma, naye akiyasema maneno pamoja nami, asikubali niruke hata moja. Mamake, binti yangu, alikuwa akifanya kazi mbali. Tulikuwa sisi wawili tu, na sikuhitaji mwingine.

Kisha binti yangu akapanga nyumba Njiru, akaja kumchukua mwanawe. Ni haki yake, sikatai. Lakini nyumba ilinyamaza hadi nikawa nawasha redio bila kuisikiliza, na watoto wa majirani nikawafokea kwa kucheza tu. Mimi ni mkali tangu zamani, upweke umenizidishia.

Jioni moja binti yangu akapiga simu.

"Mum, hebu ongea na huyu mtu wako. Nimemnunulia ile kitabu yenu, mpya, na amekataa kulala. Ati nimeruka shosho wa mbuzi. Nimeangalia yote, hayuko! Hapa mbuzi anapatwa na mamake."

Anapatwa na mamake. Bila shaka. Hata mimi ningeandika hivyo, na bado iliniuma.

"Mpe simu," nikasema.

Nikaketi kitandani, nikamsomea bila kitabu: barabara, shosho, sikio, nyumbani. Aliyasema yote pamoja nami. Nikangoja asinzie.

"Shosho, na huyu aliyepatwa na mamake, alirudi kwa shosho yake lini?"

Nikamwambia alale, nikabaki na simu sikioni hata baada ya wao kukata.