Sauti ya Zaina na Masikio Yangu

Siku yangu ya kwanza katika redio ya Kabambare, mkuu wa ufundi alinikalisha mbele ya meza ya kuchanganyia sauti, ile yenye vitufe vingi vya kupandisha na kushusha, akanivalisha kaske, vile visikilizio vya masikioni. "Angalia sindano," akasema. "Ikiingia kwa rouge, pale pekundu, sauti imepasuka. Lakini usiamini sindano peke yake. Sindano haina masikio, weye uko nayo." Nilishinda siku nzima nikiogopa kugusa vitufe. Kusema kweli, hofu haikuniacha miaka yote ya kazi. Ilibadilisha sababu tu.

Kutoka hapo nilipelekwa Wamaza kulinda mtambo wa kurushia matangazo, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Mwishowe nikahamishiwa Kasongo. Nilirekodi mahubiri, mawaidha ya Ramadhani, matangazo ya misiba, na kwaya zisizojua kumaliza wimbo. Tulikuwa na desturi: kitu kipya hakirushwi kabla ya kupimwa sokoni. Unatia kadi yenye rekodi katika redio ndogo, unaiweka kati ya mafungu ya muhogo, unatazama nyuso za wamama. Watu wetu husikiliza kwa redio kama hizo, si kwa kaske ya fundi.

Hapo ndipo wakaja vijana watatu. Walijuana kwenye kibanda cha kuchaji simu. Zaina, binti wa muuza vitambaa, alikuwa akiimba polepole akingojea simu yake ijae. Bahati, mpiga gitaa wa parokia, alikuwa na gitaa lenye nyaya za breki ya pikipiki. Akaanza kuufuata wimbo wake kwa gitaa. Musafiri, mwenye kibanda, akapiga bidoni la njano, dumu tupu la maji, kwa kandambili. Basi, kundi likazaliwa.

Muziki wao haukuwa rumba wala kwaya. Gitaa lilirudia noti tatu tu, bidoni likigonga mbali, na Zaina akiimba karibu na maikrofoni hadi unasikia pumzi yake. Mkurugenzi wa redio alikunja uso. "Hii iko muziki, ama mutu anajisemesha yeye peke yake? Nawapa nyimbo moja, Jumapili. Watu wakikataa, musirudie hapa." Zaina alinishika mkono. "Papa Fundi, tuko na wewe tu."

Laiti angejua. Mwaka ule mke wangu alikuwa akilalamika mchana kutwa juu ya kelele za nyenje, nami sikusikia hata mmoja. Nilimwambia amezoea kulalamika. Moyoni nilijua. Sauti za juu, zile nyembamba, zilikuwa zimenitoka, nami nilikuwa nimebaki na besi na mngurumo. Sikumwambia mtu. Fundi wa sauti asiyesikia ana kazi gani?

Nilichanganya wimbo wao jasho likinitoka. Sauti ya Zaina ilikuwa kama imefunikwa blanketi, nikapandisha kitufe cha sauti za juu, nikapandisha tena. Sindano haikufika kwenye rouge. Nikajipongeza.

Ijumaa tukaenda sokoni, wao watatu nyuma yangu. Wimbo ulipoanza, mama mmoja muuza mawese akaziba masikio. "Zima! Iko inachoma!" Wengine wakacheka. Nikasema redio ni mbovu. Nikaleta nyingine, ikawa vile vile. Bahati alimtazama Zaina, na Zaina akatazama chini. Mtoto wa watu alidhani kosa ni la sauti yake.

"Papa Fundi," akaniambia njiani, machozi tayari, "labda mimi niache kuimba. Mwambie Mkurugenzi aondoe ile nyimbo."

Niliona aibu kubwa. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana: kesho angerudi kwenye vitambaa vya baba yake, nami kwenye kiti changu.

"Si wewe," nikasema. "Mimi sisikii."

"Husikii nini?"

"Sehemu ya juu. Mimi ndiye niliyekuharibia sauti."

Akasimama katikati ya njia. "Juu ya nini ulificha?"

"Niliogopa."

Tukarudi studio. Nilimvalisha kaske yeye, nikamwonyesha kila kitufe, nikaweka mikono yangu magotini. Alishusha, akasikiliza, akashusha tena. Jumamosi wamama walisikiliza wimbo ule mpaka mwisho bila kuuza kitu, na yule wa mawese akataka urudiwe. Jumapili ukarushwa. Jumatatu niliandika barua ya kustaafu, nikaeleza sababu bila kupindisha.

Siku hizi niko nyumbani na kundi lina nyimbo nyingi. Nyinyi mnaoshika kazi hii, pimeni masikio yenu mapema, na msione haya kumwambia mtu. Wimbo ule wa kwanza bado unapigwa Kasongo nzima. Wageni wakija wananiuliza: si kweli mwishoni, Zaina anapopanda juu kabisa, mwili unasisimka? Ninawajibu kwamba ni kweli. Pale mwishoni mimi husikia gitaa, husikia bidoni, halafu, mahali pa sauti yake, kimya.