Mwanamke wa Pili Mferejini

Sitamlaumu atakayesema kwamba macho yangu yalinidanganya. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, na hilo ndilo kosa ninaloliungama hapa. Yaliyonipata kijijini kwetu Akheri yalinipata kweli, tena mchana, jua likiwaka.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Nilikuwa nikisomea shahada ya pili huko kwao, ambako madaktari walinitoa mtoto wa jicho katika jicho la kulia na kuniwekea lenzi ya plastiki. Lenzi hiyo ikateguka. Kila kitu nilikiona mara mbili: cha pili hafifu, juu kidogo ya cha kwanza. Niliambiwa itabidi ibadilishwe, lakini barua ya nyumbani ilisema mama yu mahututi, anataka kuisikia shikamoo yangu kabla hajaondoka. Nikapanda meli.

Karibu na nyumbani, kwenye mfereji unaomwagilia migomba yetu, nilimkuta shangazi akiosha vibuyu. Nyuma yake alisimama mwanamke wa pili, hafifu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba! Mzungu wetu huyo! Kimbia ndani, mama yako anakuulizia tangu alfajiri."

Yule wa pili akasema taratibu, "Na mimi, baba, huniamkii?"

Je, kivuli cha lenzi husema? Nililifunika jicho la kulia kwa kiganja, kama daktari alivyonielekeza. Angekuwa kivuli, angetoweka. Hakutoweka. Na mimi, niamini, msomi mzima, nikahitimisha kwamba sikulifunika sawasawa! Nikafunua, nikafunika tena, nikapima.

"Unamkonyeza shangazi yako?" shangazi akacheka. "Ndiyo mliyofundishwa Ulaya?"

Kilio kikapasuka kutoka nyumbani. Nilipotazama tena, shangazi alikuwa peke yake.

Mama alikuwa amekata roho kitambo kidogo kabla, uso ukiuelekea mlango.

Lenzi ilibadilishwa mwaka uliofuata. Sasa Mlima Meru ni mmoja, na herufi za vitabu vyangu zimetulia. Ila kila nimwendeapo shangazi, nyuma yake yupo yule wa pili, naye amenipa kisogo.

Basi wewe unayesoma, ukimwona mtu mzima mbele yako, mwamkie kwanza. Kupima utapima baadaye. Mimi siku hizi natoa shikamoo mbili. Marahaba hurudi moja.