Kura ya Tatu na Moto wa Mama Hope

Kwa miaka tisa Kalondu, au Mama Ian, mshonaji wa mtaa wa Kawangware 56, alikuwa katibu wa Umoja wa Kufaana, na kitabu chake cha mikutano hakikuwa na neno hata moja la uongo. Alijivunia jambo hilo kuliko hata nguo alizoshona. Mtu akichelewa aliandikwa amechelewa, awe mwenyekiti au nani.

Umoja huo ulikuwa wa misiba. Wajaluo wa Laini Saba na Wakamba wa Kawangware waliungana kwa sharti moja: aliyefiwa hawashi moto. Msiba ukitokea Laini Saba, Kawangware ndio huja kuwasha na kupika. Ukitokea Kawangware, Laini Saba huja. Mumewe Kalondu alipokufa, Nereah wa Laini Saba, Mama Hope, alipiga magoti mbele ya mafiga yake siku tano.

Ikaja Januari ya 2008. Uchaguzi ulikuwa umeharibika, viongozi wa Ukambani walikuwa wameingia serikalini huku Wajaluo wakilia wameibiwa kura, na jirani akamtazama jirani kwa jicho la pembeni. Jumanne Bunge lilipiga kura duru tatu kumpata spika, nchi nzima ikitazama. Jumatano Osewe, mume wa Nereah, akafa kwa ugonjwa wa figo. Jumamosi Wakamba wa Umoja wakakutana kanisani Riruta Satellite, si kupanga mapishi, bali kuamua kama wajitoe! Kalondu aliona aibu, lakini akafungua kitabu.

Katiba yao ilikuwa na ukaidi wake. Kujitoa kulitaka theluthi mbili. Kuitupa hoja nako kulitaka theluthi mbili. Na hoja ikiwa mezani, hakuna kazi nyingine, hata ya kupika.

"Ndugu yangu amechomewa duka huko Laini Saba," alisema Wambua. "Leo nikawapikie?"

"Na Osewe alichoma duka gani?" Kasyoka akamrukia. "Alikuwa kitandani tangu Novemba."

Walipiga kura kwa kupanga mistari. Wa kujitoa ukutani, wa kubaki dirishani. Kalondu, kwa kuwa katibu hapigi kura, akahesabu: kumi na mmoja, kumi na mmoja. Wakarudia. Vilevile. Mara ya tatu Wambua mwenyewe akavuka kwenda dirishani, watu wakashusha pumzi, kumbe Kasyoka kakasirishwa na neno fulani, naye huyo anavuka kwenda ukutani. Kumi na mmoja, kumi na mmoja tena.

"Tutarudia Jumamosi ijayo," alisema Mutie, mwenyekiti. "Katibu, andika pia tumemtumia mjane rambirambi."

"Tumemtuma nani?"

"Andika tu, Mama Ian."

"Siandiki nisichokiona."

Alikifunga kitabu, akakiweka kwenye kiti, akatoka. Sufuria kubwa za Umoja zilikuwa stoo, chini ya kufuli ya Mutie. Akapita nyumbani kwake mwenyewe, akachukua sufuria yake ya Krismasi na mchele, akaelekea Laini Saba kwa miguu. Kwenye reli vijana sita walikuwa wamekaa juu ya mawe, na mmoja akasimama.

"Niaje mathe. Unaitwa nani?"

Angeweza kujipa jina lolote. "Kalondu."

"Mkamba?" Wote wakasimama. "Mlituuza, na bado unakuja huku?"

"Naenda kwa Mama Hope. Kupika." Akaiinua sufuria waione.

Kijana aliitazama ile sufuria. "Wacheni apite. Ni wa wale wa kupika."

Nyumbani kwa Nereah watoto walikuwa wakila mkate mkavu. Nje mafiga yalikuwa yamefagiliwa, kuni zimepangwa vizuri, na hakuna jivu hata kidogo. Siku nne.

"Shemeji zangu walitaka kuwasha," alisema Nereah. "Nikawaambia wangoje. Nikawaambia wenyewe wa Kawangware watakuja, hawajawahi kukosa." Akamwangalia Kalondu, kisha akaangalia njia nyuma yake, iliyokuwa tupu mpaka relini. "Wengine wako wapi, Mama Ian?"

Kalondu akapiga magoti, akanyoosha mkono kupokea kiberiti.

"Wako njiani," alisema.