Namba ya Gwaride

Ofisi yetu iko Jinja, upande wa Kimaka, na mkuu wetu ni mwanajeshi mstaafu ambaye kila kitu kwake ni gwaride. Tunamwita Afande. Kompyuta hajui hata inawashiwa wapi, lakini akiingia chumba cha mafundi lazima tusimame. Nilikuwa nasimama huku nikimdharau kimoyomoyo, na dharau hiyo ilinipa raha sana.

Mwaka jana tulipewa kazi ya kuchagua seva, moja kati ya mbili, kwa ajili ya kliniki moja ya akina mama kule Mbale. Mwandikishaji wao wa dirishani ni dada yangu mkubwa, kwa hiyo programu yao niliijua vizuri. Anajaza fomu, anabonyeza, na fomu ile inahifadhiwa kipande kwa kipande. Kipande cha pili hakiendi mpaka diski ijibu kuhusu cha kwanza. Ndipo aite mgonjwa mwingine.

Kupima diski si uchawi. Unaiambia programu ya kupimia kazi ngapi ziende sambamba, na foleni iwe na kina gani, yaani kila kazi itume maombi mangapi kabla ya kujibiwa lolote. Ukiviongeza vyote viwili, jumla ya maombi yanayojibiwa kwa sekunde inapanda vizuri, hata kama kila ombi peke yake linasota. Kwa kliniki ile kipimo cha haki kilikuwa kazi moja, kina cha moja. Nilipima hivyo. Seva mpya inayong'aa ilitoa namba ya kutia huruma, na ile nyingine yenye sura ya kizee ikaipita mbali.

Afande akainama mezani kwangu. “Hii ya mpya nini?”

“Ndiyo kasi yake, Afande.”

“Namba kidogo hivi mimi napeleka kwa wakubwa namna gani? Weka kazi kumi na sita. Foleni weka thelathini na mbili. Askari moja nafanya paredi?”

Nilijua anachosema ni upuuzi. Nikaweka. Namba ya seva mpya ikaruka, ikaishinda ya kizee, Afande akapiga meza kwa furaha. Nikaandika karatasi ya vipimo, nikatia sahihi, na seva mpya ikapelekwa Mbale. Jioni, nyumbani Masese, niliwasimulia majirani ujinga wake, tukacheka mpaka chai ikapoa.

Baada ya miezi miwili dada akanipigia simu niende. Nilimkuta dirishani, mabenchi yamejaa, naye amebonyeza na anaitazama skrini tu. Mama mmoja mjamzito, miguu imemvimba, alimwita mvivu mbele ya watu wote. Dada yangu, mvivu! Baba alikuwa polisi wa zamu na mama alikuwa mgonjwa. Pale kambi ya polisi tulikokulia, ni yeye aliyetupikia na kutufulia sote.

“Dada, kosa ni la Afande wetu,” nikaanza, kwa Kiswahili chetu cha kambini. “Ule mtu ni mjinga kabisa. Hajui kitu. Anapenda namba kubwa tu.” Nikaendelea hivyo kwa muda, nikamwigiza hata anavyopiga meza.

Dada aliniacha nimalize. Kisha akainama chini ya meza, akabandua karatasi ya vipimo iliyokuwa imebandikwa ubavuni mwa seva, akaiweka mbele yangu na kuweka kidole chini kabisa, kwenye sahihi. Mwandiko ule anaujua. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, kwa kipande cha mkaa, kwenye ngazi ya saruji ya nyumba yetu.

“Huyu Afande,” akasema, “iko anaandika kama wewe?”

Akainuka, akanisukumia kiti.

“Kaa. Mimi naenda kunywa chai. Wewe andika watu.”

Nikakaa. Yule mama mwenye miguu iliyovimba akasogea, akanipa jina lake, la mumewe na la kijiji chake. Nikaandika, nikabonyeza, tukabaki tunatazamana. Akashika ukingo wa dirisha, akabadilisha mguu wa kusimamia.

“Na wewe,” akaniuliza, “hapa unafanya kazi gani?”

“Mama, hii mashine nilipima mimi.”

Akanitazama, kisha akaitazama skrini. Ilikuwa bado haijajibu.