Nilimtoa Mama Vanga kwa Uongo

Nilimdanganya mama yangu mzazi, na kwa uongo huo akakosa kumzika shoga yake. Nimekosa, tena kosa ni langu peke yangu. Lakini sikukosea kwa hilo ambalo ndugu zangu wananilaumia.

Mimi ni mzaliwa wa Vanga, ule mji wa kale wa mpakani, ila siku hizi naishi Ukunda. Mto Umba ulipofurika, nilisubiri maji yapungue, nikaazima gari, nikaenda. Nilikuta matope ndani ya nyumba za mawe za mababu zetu, mikeka na misahafu imeanikwa juani, na alama ya maji ukutani inanifika kifuani.

Mama alikuwa akikomba tope ukumbini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shika ufagio."

Nikamwambia afungashe nguo tuondoke. Akakataa. "Na Bi Mwanaisha nimwachie nani?"

Bi Mwanaisha alikuwa jirani yake, wamesoma chuo cha Kurani pamoja tangu utotoni. Alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, miguu imemwishia. Maji yalipoingia, mama ndiye aliyempandisha juu ya meza, akamshikilia mpaka watu wakaja na mtumbwi.

"Ana wajukuu," nikasema.

"Wajukuu wanamlisha. Anayenitaka mimi ni yeye."

Mawingu yalikuwa yakijikusanya tena. Nikaona nikizidi kubembeleza, nitamzika. Nikatoka nje, nikajifanya nazungumza kwa simu, kisha nikarudi nikamwambia kaka amelazwa Msambweni, anamwita.

Mama hakuuliza mara mbili. Nikiwa garini, nilimsikia dirishani kwa jirani akimwambia Bi Mwanaisha, "Kesho nitarudi, inshallah."

Tulipoipita njia ya Msambweni bila kukunja, akanigeukia. "Hospitali umeiacha nyuma."

"Kaka ni mzima, mama."

"Nirudishe."

Nikakanyaga mafuta, nikaenda zangu Ukunda.

Mvua ikashika, barabara ya Vanga ikakatika. Siku ya nne, asubuhi, tukapigiwa simu kwamba Bi Mwanaisha amefariki. Akazikwa baada ya adhuhuri. Mama alikuwa amekaa kwangu, buibui ameshalivaa, na pa kupita hapana.

Ndugu zangu wanataka niseme nilikosea kumtoa. Sisemi. Maji yalirudi, na ukuta wa chumba chake ukaangukia kitanda anacholalia. Nani kati yao angekwenda kumfukua?

Nilimwambia hivyo mama mwenyewe. Akanitazama, akaniuliza, "Garini mlikuwa na nafasi ya watu wangapi?"

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Bi Mwanaisha tungeweza kumbeba mimi na wajukuu zake, naye angefia mikononi mwa mama. Wala sikupita hata kumwamkia.

Barabara ilipofunguka, mama alirudi, anakaa kwa hao wajukuu. Nikipiga simu huitikia salamu, kisha humpa mtu mwingine aongee.

Mvua zikianza nitakwenda tena. Akinifukuza, nitakaa barazani mpaka anichoke.

Nawe mwenye mzazi penye maji, mtoe. Gombana naye, lia, akuapize ikibidi, lakini usimdanganye. Na kabla hujawasha gari, muulize ni nani hawezi kumwacha, kisha mkamchukue na huyo.